Mashairi ya Visiwa vya Miwa katika Skuli ya Sur

Wanangu mnaoshika chaki sasa, mmenitaka nikuandikieni namna ya kusomesha mashairi ya Kiingereza yatokayo visiwa vya Karibiani, kwa kuwa mmesikia niliyasomesha Sur ya Oman zamani, wakati ambapo ramani ya ukutani ilivionyesha visiwa vyenyewe kama vitone vya nzi. Nimekaa na kalamu tangu chai ya asubuhi. Njia niliyonayo ni fupi, ingetosha ukurasa mmoja. Lakini nikikupeni njia peke yake mtaipokea kama dawa isiyo na maelezo. Basi nivumilieni, mtu mzima akianza kusema hana breki.

Nianze na theluji.

Kazi niliianzia Ibra, bara ya Oman, kwetu. Nasema kwetu, ingawa nilizaliwa Unguja, na nilipoiona Ibra kwa macho nilikuwa nimeshaolewa, na Kiarabu changu kikiwafanya majirani wafunike midomo kwa shela nisiwaone wanavyocheka. Miaka ile ya sabini skuli zilifunguliwa haraka kuliko zilivyojengwa, na yetu ilikuwa mahema. Upepo wa mchangani ukivuma, upepo ndio uliosomesha, mimi nikinyamaza. Kitabu cha Kiingereza tulicholetewa kilikuwa na shairi la theluji. Mimi theluji sikupata kuiona, na wengi katika wasichana wangu hata bahari walikuwa hawajaiona. Nikawaambia ni kama unga wa ngano unaoshuka taratibu kutoka juu. Msichana mmoja akainua mkono.

"Abla, nani anauchekecha?"

Hatukukaa sana akaja mkaguzi, mufattish kama tulivyomwita, akakaa nyuma ya hema na mkoba wake magotini. Akamuuliza mtoto aliyekuwa karibu naye, theluji ni nini. "Unga wa Waingereza," mtoto akamjibu bila ya wasiwasi. Mkaguzi akaandika. Nilijua kibarua changu kimeota nyasi. Alipokuwa anaondoka akaniambia, "Ya ustadha, wako angalau wana la kusema. Huko nitokako wanakariri tu." Akapanda gari lake akaenda zake, na mimi nikabaki na mtihani wa theluji.

Shairi la kitu ambacho darasani hakuna aliyekiona huvaliwa kama nguo ya kuazima. Mtu hutembea nayo kwa hadhari, na akifika nyumbani huivua. Mimi na wanafunzi wangu tuliyavaa mashairi ya namna hiyo miaka kadhaa, mpaka nilipohamishiwa Sur mwanzoni mwa miaka ya themanini nikamkuta Abla Verna.

Abla ndivyo wasichana walivyotuita sote tuliosomesha. Verna alizaliwa kisiwa kidogo cha Karibiani. Mumewe alikuwa mhandisi wa barabara, na yeye aliajiriwa skuli yetu ya wasichana kwa mkataba. Alikuwa mrefu, mweusi, mwenye sauti nzito, na kitambaa cha kichwa akikifunga fundo ubavuni. Tukienda naye sokoni watu wa Sur walimsemesha Kiarabu cha kwao moja kwa moja. Wanawake walimuuliza, wewe binti wa nani, wa mtaa gani, mbona hatukujui? Hawakumdhania mgeni hata kidogo. Mgeni nilikuwa mimi. Mara ya kwanza Verna alicheka sana, mara ya pili akacheka kidogo, na baadaye hakucheka tena.

"Nasra," aliniuliza siku moja tunarudi na kapu la samaki, "hawa ninaofanana nao walifikaje hapa?"

Nilimjibu kwamba Sur ni mji wa bandari. Ni jibu la kweli, lakini halikumtosha yeye, na mimi pia halikunitosha.

Alikuja na jalada limejaa mashairi ya kwao, mengine yamekatwa magazetini, mengine kayanakili kwa mkono. Ofisini tulikuwa na mashine ya stensili ya kuzungusha kwa mkono, na taipureta ambayo herufi yake ya "o" ilikuwa kali kama wembe. Ukiigonga kwa nguvu ilikata stensili, na kila "o" ikachapika doa jeusi. Ushairi wa Karibiani uliingia Sur umeota tetekuwanga. Wino ulitukaa vidoleni hata kwenye karamu za watu, na wenye nyumba wakatutazama tukinawa mara mbili. Nilijifunza kuigonga ile "o" kwa upole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

Mlitaka kujua mashairi yenyewe yalikuwa na nini. Mengine yalikuwa na buibui. Buibui wa hadithi zao ni mdogo, dhaifu, mlafi, mwongo, na anawashinda wanyama wote wakubwa kwa akili. Nilipomsoma nilicheka peke yangu ofisini, kwa sababu huyo ni Sungura wetu mwenyewe, kaongezewa miguu. Yalikuwa na kizee anayevua ngozi yake akaruka hewani kama moto, na mizimu inayokaa kwenye mizizi ya miti mikubwa. Verna alinieleza kwamba hadithi hizo zilivuka bahari katika vichwa vya watu waliofungwa minyororo, kwa sababu kichwani ndiko pahala pekee ambapo hapakupekuliwa.

Mengine yalikuwa ya skuli. Mtoto wa kisiwani, juani, anaandika insha juu ya majani yanayopukutika kwa baridi, na picha ya mfalme wa watu inamtazama kutoka ukutani. Nikamsimulia Verna unga wa Waingereza, akacheka mpaka akashika meza.

Na mengine yalikuwa ya ulimi. Hayo ndiyo yaliyonichoma. Kwao mtoto akisema skulini kama bibi yake anavyosema sokoni, alichapwa, akaambiwa kile si Kiingereza. Kisha wakaja washairi wakaandika vile vile bibi anavyosema, na mapigo ya ngoma ndani yake. Nilimfikiria mama yangu, ambaye Ibra alikuwa akifunga dirisha ndipo aseme nasi Kiswahili, wageni wasije wakasikia. Unguja tulikuwa Waarabu. Oman tukawa Wazanzibari. Niliyasoma mashairi yale nikaona yananisema mimi, mtu aliyepoteza kisiwa, na nililia kidogo, nisikuficheni.

Njia ya Verna ndiyo njia niliyokuahidini. Usianze na maana. Karatasi ziweke mezani kwako, usizigawe. Wasomee kwa sauti. Wasomee tena, mara hii uwape neno la kukujibu, maana kwao msimulizi huita na watoto wakaitikia, kama sisi tunavyosema paukwa, wakajibu pakawa. Wakishaitika, shairi limeshakuwa lao nusu. Hapo ndipo ugawe karatasi. Maana itakuja yenyewe, na isipokuja darasani itawakuta njiani wakienda makwao.

Jambo la pili hakunifunza yeye, nilijifunza ubaoni. Tulikuwa tunazungumza darasani juu ya mtu kujua asili yake, na mimi kwa mazoea nikageuka niandike methali yetu na tafsiri yake ya Kiarabu: mwacha asili ni mtumwa. Nilishaandika maneno mawili ya mwanzo, mkono ukasita. Nyuma yangu walikaa wasichana ambao wazee wa wazee wao waliletwa mji ule kwa nguvu, wakauzwa. Darasa zima lilijua nani ni nani, ingawa hakuna aliyetamka. Nikafuta. Verna, aliyekuwa amekaa nyuma, baadaye akaniuliza nilitaka kuandika nini. Nilipomweleza akasema, "Ni methali nzuri kwa mtu ambaye hakuachishwa." Basi nyinyi kabla hamjaandika methali, geukeni kwanza mzitazame nyuso.

Katika jalada la Verna palikuwa na shairi moja la kijana anayetafuta jina la bibi wa bibi yake. Anauliza kanisani, anauliza shambani, anawauliza wazee, na kila anapouliza anatajiwa jina la mwenye shamba la miwa. Tulilisoma kwa njia yetu, mara mbili, wakaitikia. Mnajua nyinyi wenyewe kwamba kwetu mtu akitaka kukujua huuliza kwanza kabila gani, na wasichana wale waliweza kukuhesabia baba na babu mpaka ukachoka. Nikawataka wafanye hivyo, mmoja mmoja, waone walichonacho ambacho kijana wa shairi hakuwa nacho. Walihesabu kwa fahari. Zamu ilipomfikia Rahma, alisimama akataja jina la baba yake, la babu yake, akakaa.

"Endelea," mwenzake mmoja akamwambia.

"Inaishia hapo," Rahma akasema.

Rahma alikuwa msichana wa Aija, ng'ambo ya hori. Siku hizo alivuka kwa mashua kila asubuhi na viatu vyake mkononi. Alikuwa mwepesi wa Kiingereza kuliko wote, na mkimya kuliko wote. Nikaona nimemtia mtoto njia panda. Nikasema haraka, basi sasa kila mtu aende kwao akalete kitu cha bibi yake, hadithi au wimbo, na aje atueleze maana yake. Nilidhani nimemfungulia mlango mwingine.

Jumamosi, ndiyo siku ya kwanza ya wiki ya skuli, wakaja na vyao. Mmoja alileta hadithi ya jini wa falaji, mfereji wa maji ya mashamba, huko Nizwa kwa wajomba zake, mwingine vitendawili vya wavuvi wa Ras al Hadd. Rahma akasimama, akaeleza kwanza. Kwao bi harusi anapotoka nyumbani kwa mama yake, wanawake humwimbia wimbo mlangoni. Ukisha, mama humwita binti yake kwa jina mbele ya watu wote, na binti huitika "labbeh", kama mtoto wa Oman anavyomwitika mzazi, ndipo avuke kizingiti. Wimbo huo mji mzima unaujua, hata nyumba kubwa kubwa waliuchukua. Ni wa baraka, alisema, ila maneno yake hayajulikani, ni ya watu wa zamani.

Akaimba. Wenzake wakapiga makofi, nusu yao wakaimba naye. Mara ya kwanza nilisikia sauti tu. Mara ya pili nikasikia Kiswahili.

Mama, niite kwa jina langu,
niite huko uliko;
hili nilopewa si langu,
langu limebaki huko.

Rahma alimaliza, akatabasamu, jambo la nadra kwake. "Abla, wewe mtu wa Zanzibar. Abla Verna anasema nyimbo hizi huenda zilitoka huko. Unaujua unasema nini?"

Darasa zima likanitazama. Nikasema nitamjibu, lakini si leo.

Ofisini nilimtafsiria Verna. Alikaa kitako. Tulikuwa tumekaa miezi na shairi la kijana anayetafuta jina, na kumbe mji wenyewe ulikuwa na shairi lake, linaimbwa kila Alhamisi ya harusi na watu wasiojua wanasema nini.

"Mwambie," Verna alisema.

"Dada yake anaolewa Alhamisi hii. Shamsa. Wimbo huu utaimbwa mlangoni kwao."

"Ndiyo maana umwambie."

"Verna, kwetu kuna fali. Neno linalosemwa mlangoni siku ya harusi humfuata mtu. Nimwambie mtoto kwamba wimbo wao wa baraka ni kilio cha mtumwa? Wakwe wakisikia? Na wakiacha kuuimba, itakuwa mimi ndiye niliyewanyang'anya kitu pekee alichowaachia huyo mtumwa."

"Na usipomwambia," Verna akasema, "nani amemnyang'anya nini?" Alikuwa na hasira, na haki yake alikuwa nayo. Mimi wazee wangu wa Ibra walikuwa na mashamba ya karafuu Unguja, na niliyajua mashamba yale yalilimwa na nani. Nilikuwa nimeyasoma mashairi yake kama mtu aliyepotewa na kisiwa, na mle ndani walikuwepo pia waliopelekwa kisiwani bila ya kutaka. Alijua kwamba nimeshaona. Hakunisaidia, na sikumtaka anisaidie.

Nikaamua kwamba wimbo una mwenyewe, na mwenyewe si mimi wala si Rahma. Jumatatu, skuli ilipotoka, nilivuka hori na Rahma kwenda kumwona bibi yake.

Nyumba yao ilikuwa ndogo, imepakwa chokaa mpya kwa ajili ya harusi. Bibi yao aliitwa Mabruka. Alikuwa amekaa mkekani, miguu kainyoosha, anachambua mchele, macho yake yakiwa yameingia ukungu. Nilikuwa nimejitayarisha na maamkizi yote ya Kiarabu, lakini nilipomwona alivyoinamisha kichwa kusikiliza hatua zangu, nikasahau nilikokuwa. Niliinama nikamshika mkono.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akasema.

Sote wawili tukashtuka. Rahma alitutazama, huku na huku.

"Nani kakufunza neno hilo, ya bintii?" bibi akaniuliza kwa Kiarabu.

"Na wewe, bibi, nani kakufunza jibu lake?"

Alicheka, akanishika uso kwa vidole vyenye vumbi la mchele. Mama yake, alisema. Mama yake aliletwa kutoka Sawahili akiwa msichana. Kiswahili hakumfunza, maana mwenye nyumba hakupenda kusikia asichoelewa ndani ya nyumba yake. Maneno mawili matatu tu ndiyo yaliyobaki. Na wimbo. Alisema mambo hayo kwa sauti ile ile aliyomwambia Rahma alete kahawa, na neno mtumwa alilitamka mwenyewe, wazi, akaniachia mimi kuona haya.

Tukanywa kahawa. Yeye ndiye aliyeanza.

"Rahma kaniambia wewe unaujua wimbo unasema nini, na hukutaka kusema. Basi ni mbaya."

"Si mbaya, bibi. Ni mzito. Nimeogopa fali, na harusi iko mlangoni."

"Mimi nimeuimba tangu sina meno mpaka sasa sina tena meno. Niambie."

Nilimwambia. Niliutafsiri mstari mmoja mmoja kwa Kiarabu changu kibovu, nikisimama kila baada ya mstari. Mama, niite kwa jina langu. Niite huko uliko. Hili nililopewa si langu. Langu limebaki huko. Rahma alikuwa amesimama na birika la kahawa, hakuliweka chini.

Bibi Mabruka aliacha kuchambua mchele. Nikajilaumu, nikasema moyoni, Nasra, ungekaa na chaki yako.

"Mama akiitwa Zafarani," hatimaye akasema. "Hilo ndilo walilompa."

"Na jina lake la mwanzo?"

"Sikulisikia. Hakulisema." Akapapasa mchele. "Lakini nikiwa mdogo, tukiwa peke yetu jikoni, akiniita mimi neno jingine. Nilidhani ni la kubembelezea mtoto tu. Na siku niliyoolewa, mlangoni, aliniita Mabruka mbele ya watu, kwa sauti. Nikaitika labbeh. Kisha akanivuta akaniita lile neno sikioni. Sikujua kama nilitakiwa nimwitike tena. Nikavuka kizingiti."

"Neno gani, bibi?"

Alilitafuta. Midomo ilitangulia, sauti ikafuata.

"Chausiku."

Wanangu, nimesimama mbele ya wakaguzi, mawaziri na madaktari wa chuo, na sijapata kujua jambo kwa uzito kama nilivyolijua lile. Nikamwambia kwamba hilo ni jina. Kwetu mtoto wa kike aliyezaliwa usiku huitwa hivyo. Kuna akina Chausiku wengi katika nchi aliyotoka mama yake, na hakuna anayepewa jina hilo na mwenye shamba.

"Nilizaliwa usiku," akasema. "Hilo nalijua."

Alifunika uso kwa shela, mabega yakamtikisika, na Rahma akaweka birika akamkumbatia. Mimi nililia nao, bila ya kujua kama nina haki ya kulia pale. Alipofunua uso aliuliza kitu kimoja tu.

"Fali gani mbaya iko katika mama kumwita mwanawe?"

Nilipotoka alinishika ncha ya buibui langu, akasema wimbo utaimbwa kama kawaida, nisiwe na hofu, na Abla yule wa kisiwani aje pia, ndugu yake.

Jumatano Rahma alisimama darasani bila ya kuitwa. Aliusoma wimbo kwa Kiswahili, kisha Kiarabu, kisha kwa Kiingereza alichokitengeneza mwenyewe, na hakuna mwalimu angekisahihisha. Akawaambia mama wa bibi yake aliletwa kwa kuuzwa, na hakuangalia chini. Hapakuwa na mtu aliyecheka. Msichana wa nyumba moja kubwa ya Sur, ambaye siku ile ya kuhesabu babu alikuwa amehesabu kupita wote, alisema taratibu, "Na sisi tuliuimba kwa dada yangu." Kengele ikalia, wakakaa tu.

Alhamisi alasiri tulivuka, mimi na Verna na wasichana kadhaa wa darasa. Nyumba ilijaa wanawake mpaka uani, ubani umetanda, Shamsa kavishwa kijani na dhahabu, na shangazi za bwana harusi wamesimama nje wakimsubiri. Bibi aliwekwa karibu na mlango juu ya zulia. Wanawake wakauimba ule wimbo kwa matari, kwa furaha, kama walivyozoea. Verna alinishika mkono na hakuuachia. Mama yake Shamsa akasimama kizingitini, akamwita binti yake kwa sauti, "Shamsa!", na yeye akaitika labbeh, na vigelegele vikapanda. Hapo ndipo alipotakiwa avuke.

Hakuvuka. Alimtazama mdogo wake. Rahma akawapa mgongo wageni wote, akamgeukia bibi yake, akaita.

"Chausiku."

Matari yakanyamaza. Nikaona shangazi za bwana harusi wanatazamana, nami nikasema sasa tumeiharibu harusi ya watu. Shamsa akaita naye. Mama yao akaita. Wale wasichana wa darasa langu, na yule wa nyumba kubwa miongoni mwao, wakaita. Shangazi za bwana harusi, ambao nadhani walichukulia kuwa ndiyo desturi ya nyumba ile, nao wakaita kutoka nje, na Verna aliyekuwa hajui neno lolote la Kiswahili aliita kwa ile sauti yake nzito, mpaka uani na barazani kote pakawa hapana neno jingine.

Bibi aliinua kichwa, macho kayafumba, kama anasikiliza aliye nyuma ya sauti zetu. Wote tukangoja.

"Labbeh," akasema. "Labbeh, mama."